Kuhesabu tai na shakivale wapitao Bukavu, kwa misumari na kaye (daftari)

Mimi ni fundi wa mabati. Nimeshinda miaka mingi juu ya paa za Muhungu na Nguba, mitaa ya Bukavu, mashariki mwa Kongo, na ni huko nilikowaona wageni hawa, ndege wala nyama. Oktoba ikiingia, Ulaya wanasema ni vuli, baridi inakuja. Kwetu mvua imeshashika. Shakivale kutoka Urusi na tai wadogo wa Ulaya Mashariki wanashuka kuelekea kusini mwa Afrika, na baadhi yao wanapita juu ya vichwa vyetu mpaka Novemba.

Kule Batumi, nchini Georgia, milima imeisogelea Bahari Nyeusi, kwa hiyo ndege wanabanwa kwenye ukanda mwembamba. Watu wanawahesabu hapo kila mwaka tangu 2008, na msimu mmoja hupita zaidi ya milioni moja. Usitegemee mto wa namna hiyo Bukavu. Wakiingia Afrika wanatawanyika. Kuna siku nashuka na sufuri, na sufuri nayo inaandikwa.

Usipande alfajiri. Ndege hawa hawapendi kujichosha kwa kupiga mabawa, wanangoja hewa ya moto iwapandishe. Weka kiganja juu ya bati. Likiwa baridi, maliza chai yako. Likianza kuuma mkono, kama saa tatu hivi, chukua ngazi. Ziwa halitoi hewa ya namna hiyo, ndiyo maana wanapenda kufuata nchi kavu na matuta. Basi tafuta mahali panapokuonyesha vilima, hata kama upande wa maji ndio unaopendeza macho.

Geukia kaskazini, mlima Kahuzi ukiwa mbele kushoto. Chagua alama mbili; mimi natumia mkaratusi wa jirani na mnara wa simu. Kati yake chora mstari kwa macho. Ndege anahesabiwa akivuka mstari kwenda kusini. Akirudi, mtoe.

Mstari huo nimeulipia kwa aibu. Mwaka wa kwanza niliandika arobaini na kitu kabla ya saa sita, nikajisifu mpaka kwa muuza makala ya kupikia. Kumbe nilikuwa namhesabu shakivale wa hapa hapa na mke wake, wanaozunguka kilima kile kile mwaka mzima. Wa kwetu akikomaa ana kifua cheupe na mkia mfupi mwekundu. Ukishamjua, anakuwa kama mtu wa avenyi yenu, yaani mtaa wenu. Mwewe wa jalalani naye, mwenye mdomo wa njano na mkia anaoupindapinda, yuko kazini kwake. Mwache.

Kundi likizunguka, usihesabu. Ni kama kuhesabu watoto wakati wa mapumziko. Subiri wafike juu kabisa, waache kuzunguka, waanze kuteleza mmoja nyuma ya mwenzake. Hapo wanajipanga wenyewe. Kila ndege kumi, natoa msumari mmoja mfuko wa kulia kwenda wa kushoto, macho hayatoki angani. Wenzetu wana kimashine cha kubonyeza kwa kidole gumba. Misumari ninayo tayari.

Kuhusu kuwatambua, anza na umbo, rangi zitakudanganya. Shakivale mgeni ana mabawa mapana, mkia mfupi uliofunguka kama pepeo, na akizunguka huinua mabawa kidogo. Kuna ndege mwingine mgeni, mla mabuu ya nyigu, anafanana naye sana, lakini kichwa chake ni chembamba kama cha njiwa, mkia mrefu zaidi, na akiteleza mabawa hulala au kushuka. Tai ni mkubwa, ncha za mabawa zimeachana kama vidole. Mabawa yaliyochongoka ni ya kozi. Usiyemjua, andika "sijui". Kaye yangu ina "sijui" nyingi, na ninaiamini kuliko ile ya mwaka wa kwanza.

Kabla ya yote hayo, mwone shefu wa avenyi. Mtu mwenye darubini juu ya paa, katika mji wetu huu, anaulizwa maswali. Mama mmoja aliniita kutoka chini: "Papa, unaangalia nini kwangu?" Nilishuka, nikampa darubini aangalie mwenyewe. Sasa yeye ndiye huniita: "Papa, wamefika!" Mara nyingi ni kunguru.

Katika kaye, gawa ukurasa kwa saa, si kwa siku. Saa tatu hadi saa nne mstari mmoja, na kuendelea: aina, idadi, upepo unatoka wapi, mawingu kiasi gani. Hesabu misumari kila saa inapoisha, kisha irudishe yote kulia. Mchana Kahuzi ikishavaa wingu jeusi, andika saa uliyoishia na ushuke kabla bati halijalowa. Bati bichi halimjui fundi.