Tanzanaiti au kioo: ijaribu mbele ya skrini

Kabla ya kununua tanzanaiti, fungua ukurasa mweupe mtupu kwenye skrini ya LCD ya kompyuta, shika jiwe kwa kibanio mbele yake, kisha ulizungushe polepole kwa robo duara huku ukilitazama kwa jicho moja. Nimejifunza mbinu hii hivi karibuni, na haigharimu chochote. Mwanga wa skrini hiyo hutetema katika uelekeo mmoja tu, nayo tanzanaiti hufyonza mwanga kwa namna tofauti kulingana na uelekeo, hivyo jiwe lile lile litageuka kutoka buluu hadi zambarau. Likiwa halijachomwa, upande mwingine huonyesha rangi ya kahawia, ambayo kwa kawaida huondolewa kwa joto la nyuzi 500 hivi za Selsiasi. Kioo cha rangi na spineli ya maabara (kito kinachotengenezwa na binadamu) havibadiliki hata kidogo. Usihukumu kwa mzunguko mmoja, kwa kuwa kuna pande ambazo hata tanzanaiti halisi hutulia. Ligeuze jiwe na urudie. Mbinu hushindwa kwa mawe yaliyopauka sana, na haiwezi kukuokoa na aiolaiti (kito kingine cha asili cha buluu) wala forsteriti ya maabara (jiwe linalotengenezwa kuiga tanzanaiti), ambazo nazo hubadili rangi. Forsteriti, hata hivyo, hujifichua kwa lenzi ya kukuza mara 10, kwani kingo za nyuma za jiwe huonekana maradufu kwa uwazi kuliko katika tanzanaiti.