Mambo ya Kuangalia Kabla Hujawasha Hita ya Feni

Aliyekulia Jinja au Bombo akihamia Kabale, kitu cha kwanza anachonunua ni blanketi la pili. Mji huu wa kusini magharibi mwa Uganda uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na miezi ya Juni na Julai usiku joto hushuka hadi karibu digrii 10. Nyumba nyingi za kupanga zina bati bila dari, na chini ya mlango upepo unaingia kama mpangaji mwenzako. Blanketi la pili likishindwa, mtu huanza kuulizia bei ya hita ya feni.

Nimeishi na hita hizi miaka kadhaa, za aina mbili. Nyumbani ninayo ile ya kuchomeka ukutani, yenye waya unaowaka ndani na feni ya kusukuma hewa. Katika nyumba ya wageni ninayoisimamia ziko za maji, zilizofungwa na mwenye mali aliyezizoea alipokuwa akiishi Uingereza. Kwa zote mbili nimeona jambo lile lile: siku hita inapogoma, mara nyingi yenyewe ni nzima. Kinachoumwa ni kile kinachoilisha, yaani waya, soketi, hewa au maji. Kwa hiyo ukaguzi uanzie huko, tena uanze Mei, wakati bado unalala bila soksi.

Anza na soketi. Hita ya wati 2,000 kwenye umeme wetu wa volti 240 huvuta ampea 8 na kitu. Birika nalo huvuta kwa wingi, lakini dakika tano limezima. Hita itavuta saa tatu mfululizo. Soketi ya ampea 13 iliyo imara inaubeba mzigo huo bila shida. Ya kuogopwa ni ile iliyolegea, ambayo plagi ukiichomeka inacheza kama jino bovu. Pale panapogusana nusunusu ndipo joto linapozaliwa, na plastiki huanza kugeuka rangi ya kahawia miezi kadhaa kabla mtu hajasikia harufu. Jaribu mchana: washa hita kwa nguvu yote nusu saa, izime, kisha gusa plagi kwa mgongo wa kidole ikiwa bado ukutani. Vuguvugu si neno. Kidole kikikataa kukaa, soketi ibadilishwe na fundi umeme mwenye kibali, na siku hiyo hiyo apime kama waya wa ardhi umefungwa kweli au ni tundu la tatu la mapambo.

Kama umepanga, zungumza na mwenye nyumba mapema. "Mzee, naomba fundi aangalie nyaya za chumbani kabla ya Juni" ni maneno yanayopokelewa vizuri. Maneno hayo hayo ukiyasema Julai, ukuta umeshaungua, yanageuka kesi.

Kuhusu ekstensheni sina upole. Waya mwembamba wa milimita za mraba 0.75, ambao ni kawaida kuukuta kwenye ekstensheni za bei rahisi, kiwango chake ni ampea 6. Ukiufungia hita unaupika, na ukiukunja chini ya zulia joto halina pa kutokea. Hita ichomekwe moja kwa moja ukutani. Soketi ikiwa mbali na kitanda, kinachosogea ni kitanda.

Halafu kuna hesabu ya Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, ambayo watu huifanya baada ya kulia. Hita ya wati 2,000 ikiwaka saa nne bila kupumzika inakula yuniti 8. Zile yuniti 15 za kwanza za mwezi, ambazo mteja wa nyumbani anauziwa kwa bei nafuu, hazimalizi usiku wa pili. Kupunguza hali hiyo, pima chumba kwanza. Mafundi wengi hukadiria wati 100 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo chumba cha mita 3 kwa 4 kinahitaji kama wati 1,200, na ngazi ya chini ya hita inaweza kukitosha. Kadirio hilo linadhani kuna dari. Chini ya bati tupu hewa ya moto hupanda juu na kwenda zake, wewe ukabaki na miguu ya baridi. Kitambaa kilichokunjwa chini ya mlango na pazia zito dirishani vitakusaidia kuliko kununua hita kubwa zaidi. Tena hakikisha kidhibiti joto kinafanya kazi: kizungushe taratibu hadi usikie "tk", hapo ndipo hita inawaka au inazima. Isipolia popote, hita haitajua chumba kimeshapata joto.

Vumbi nalo. Hita iliyolala stoo tangu mwaka jana ina vumbi jekundu la barabarani, utando wa buibui, na mara nyingine mjusi mkavu kwenye mapanga ya feni. (Wangu nilimkuta na mayai yake.) Chomoa plagi, piga brashi laini ya rangi kwenye matundu yote, mbele na nyuma, kisha puliza kwa pampu ya baiskeli. Chujio likiwepo, litoe, lioshe kwa maji na sabuni, na lirudi likiwa kavu kabisa. Msimu ukianza, rudia kila baada ya wiki mbili au tatu. Mwili wa hita usiuoshe. Zungusha feni kwa kijiti: ikizunguka kwa urahisi na kusimama polepole, vizuri. Ikikwama, usiwashe, maana waya wa moto bila upepo unajichoma wenyewe. Siku ya kuiwasha mara ya kwanza fungua dirisha, kwani vumbi lililobaki litaungua na kunuka dakika chache. Harufu ya plastiki ni habari nyingine. Hapo zima kwanza, uchunguzi baadaye.

Ikizima yenyewe katikati ya kazi, usikimbilie kuilaumu. Ndani kuna swichi ya usalama inayokata umeme joto likizidi. Chomoa, subiri nusu saa, angalia kama pazia limeziba mdomo wake au chujio limejaa, ndipo uwashe tena. Ikirudia baada ya hapo, ni ya fundi. Ila uwe macho na fundi wa aina fulani: jirani yangu alirudishiwa hita "iliyopona", kumbe swichi ile ilikuwa imerukwa kwa kipande cha waya. Iliwaka vizuri sana, hadi ubavu wake ukayeyuka. Unapochukua hita kutoka kwa fundi, muulize amebadilisha nini na umwambie akuonyeshe kifaa cha zamani.

Kuna siku pia hita inapuliza hewa ya uvuguvugu tu na haina ubaya wowote. Jioni, kila mtu akipika na kupiga pasi, umeme unaweza kushuka. Volti zikiwa 200 badala ya 240, hita ya wati 2,000 inatoa chini ya 1,400, na feni inazunguka kivivu. Taa zikiwa hafifu wakati huo huo, umeshapata jibu bila kufungua skrubu hata moja.

Mahali pa kuiweka: mita moja wazi mbele yake, mbali na bafu, na sare za shule zisianikwe juu yake hata asubuhi ya mtihani.

Sasa zile za maji. Ndani ya kasha la ukutani kuna koili ya mabomba membamba yenye mapezi ya alumini, na feni inayopitisha hewa ya chumba katikati yake. Maji ya moto hutoka kwenye boila au pampu ya joto, yaani mtambo wa umeme wa kuyapasha maji, iliyo nje. Mwaka wa kwanza feni za vyumba viwili hazikuzunguka kabisa. Tulimwita fundi kutoka mbali, akabadilisha mota zote mbili, akalipwa, akaondoka. Usiku ule feni hazikuzunguka. Tulichosahau ni kidhibiti kidogo kilichofungwa kwenye bomba. Hicho huizuia feni hadi maji yapate joto la kutosha, ili mgeni asipulizwe na hewa ya baridi. Maji ya moto hayakuwa yanafika vyumba vile kwa sababu hewa ilinaswa kwenye koili. Tangu hapo kitu cha kwanza ninachoshika ni bomba la kuingilia. Likiwa baridi, feni haina kosa: kagua vali kama zimefunguka, pampu kama inasukuma, kisha toa hewa. Zima feni na pampu, acha maji yapoe, kinga kitambaa na kikombe, fungua skrubu ya hewa nusu mzunguko. Itazomea, halafu itatema maji. Yakitoka bila mapovu, funga. Baadaye tazama kipimo cha shinikizo la mfumo, kwa maana kila hewa inayotoka hulishusha kidogo.

Kupoza kuna masharti yake, na hapa wauzaji huwachanganya watu wa Kampala, Gulu na Arua. Hita ya kuchomeka yenye alama ya upepo haipozi chumba. Inazima waya wa moto na kubaki feni ya kawaida. Ile ya maji inaweza kupoza kweli, mradi mtambo wa nje unaweza kuleta maji baridi na kasha lina sinia la kupokea matone. Hewa ya digrii 27 yenye unyevu wa asilimia 70 huanza kutoa jasho kwenye chochote kilicho chini ya digrii 21 hivi, na koili ya maji baridi iko chini ya hapo. Kabla ya joto la Januari mimina kikombe cha maji kwenye sinia utazame kama yanatoka nje kwa bomba lake. Yasipotoka, yatatokea kwenye plasta ya ukuta. Mabomba nayo yawe yamevikwa sponji yake kote, na swichi ya kubadili msimu, kama ipo, igeuzwe upande wa baridi. Vinginevyo kile kidhibiti cha bombani kitaendelea kusubiri maji ya moto.

Umeme ukikatika hita zote hizi ni samani. Inveta ndogo ya sola haiwezi wati 2,000, kwa hiyo usiijaribu. Chomoa hita mara tu umeme unapokatika, maana umeme unaweza kurudi kwa kishindo saa tisa usiku wakati shuka imeshaangukia mdomo wake. Na sigiri isiingie chumbani, hata kama makaa yanaonekana yamekwisha moshi. Monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi, na aliyelala haamki kuitambua. Tayarisha badala yake chupa ya mpira ya maji ya moto, termosi iliyojazwa jioni, na blanketi lile la pili.

Ufunguo wa skrubu ya hewa nimeutundika kwenye msumari jikoni, kando ya kalenda, pamoja na tochi. Awali ulikaa kwenye droo ya mapokezi, na usiku nilipouhitaji, kijana wa zamu alikuwa ameufungia humo na kwenda nyumbani na ufunguo wa droo.