SOMO: Kula na kutembea vichochoro vya Arusha mjini, kuanzia Mnara wa Saa hadi soko la Kilombero

Wakuu habari za humu. Kila wiki anatokea mtu anauliza, "Nipo Arusha siku mbili, nile wapi?" na kila wiki najibu yaleyale. Leo naandika mara moja kwa kirefu, mwingine akiuliza nitamwelekeza hapa. Anayetafuta hoteli ya kitalii yenye menyu ya picha, uzi huu haumhusu. Huu ni wa mtu anayetaka kula anachokula fundi, dereva wa kifodi (daladala ndogo) na mama wa sokoni, na kupita wanapopita wao.

Jambo moja lishike kabla ya yote: mji huu unakula kwa saa. Mtu anafika Soko Kuu saa kumi jioni anatafuta mtori, anakuta masufuria yameoshwa na kuinamishwa, anaondoka akisema Arusha hakuna chakula. Mtori ulikuwepo. Uliisha saa nne asubuhi.

Hatua ya 1. Vaa viatu vya kufunika vidole. Kuanzia Machi hadi Mei ni masika na vichochoro vinageuka tope. Juni na Julai beba sweta, maana mji uko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari na asubuhi baridi inauma.

Hatua ya 2. Vunja noti kubwa kabla hujatoka. Mama ntilie hana chenji saa moja asubuhi.

Hatua ya 3. Anzia Mnara wa Saa, lakini usiweke kambi pale. Ukisimama unaangaza-angaza utazungukwa na vijana wa safari, vinyago na bangili. Sema "asante kaka, nawahi" na uendelee kutembea huku unatabasamu. Fuata Barabara ya Sokoine kuelekea magharibi. Bonde la mto Naura ndilo linalogawa mji: mashariki kuna benki, posta, maofisi ya safari na Boma la Mjerumani la mwaka 1900 ambalo sasa ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, magharibi kuna soko, stendi na chakula. Ukivuka bonde tu, harufu ya hewa inabadilika.

Hatua ya 4: supu. Saa moja hadi saa nne, mitaa inayozunguka Soko Kuu: Swahili, Pangani, Azimio, Somali. Usitafute kibao. Tafuta benchi lililojaa watu wenye haraka, wabeba mizigo na wapiga debe, kwa sababu hao wanakula hapo kila siku na supu mbovu ingewagharimu siku ya kazi. Kisha angalia sufuria. Supu ya kuaminika inachotwa ikiwa inatokota, haikai pembeni imepoa na kupashwa kila mteja akija. Agiza ya ng'ombe, ya mbuzi au ya makongoro, na chapati mbili, ndimu na pilipili.

Ukikuta mtori, acha supu. Ni ndizi, mara nyingi mshare, zilizochemshwa na nyama hadi zikalainika, kisha zikapondwa kwa mwiko humohumo ndani ya mchuzi. Uchagani ndicho chakula cha mama aliyejifungua. Mtori wa kweli haujawa uji: ulimini unahisi punje za ndizi, mafuta yametanda juu, na ubavu uliomo unaachia mfupa ukiugusa kwa kijiko. Ukiona umelainika kupita kiasi na mweupe mno, mtu ameongeza maji kwa sababu wateja wamezidi. Hama benchi.

Hatua ya 5: kuingia uchochoroni. Kaloleni, Levolosi na Ngarenaro zina nyumba za zamani zilizojengwa zikitazamana, na katikati mna vijia. Kuna kijia cha kupita na kuna ua wa watu, na ukikosea hapo utakuwa umemkosea mtu heshima nyumbani kwake. Ukiona nguo zimeanikwa, ndoo na beseni mlangoni, na watoto wameacha kucheza wanakutazama, uko uani. Simama, piga hodi. Mtu mzima mpe shikamoo, kijana muulize habari za kazi. Subiri akujibu, ndipo useme, "Samahani mama, naweza kupita hapa nikatokea mtaa wa Wapare?" Karibu mara zote utaambiwa upite, na mara nyingi utaongezewa: "Umeshakula? Kuna binti anauza kande pale nyuma." Chakula kizuri kuliko vyote mjini hapa nimekijua kwa njia hiyo. Ukipita umenyanyua simu unarekodi, hakuna atakayekuelekeza penye chakula.

Kupiga picha omba kwanza. Akikataa, shukuru na uendelee.

Hatua ya 6: mchana. Saa sita hadi saa nane. Uliza "leo kuna nini?" usiulize menyu. Wali maharage, ugali dagaa, mnafu, ndizi nyama, kande. Ukisikia loshoro, kaa.

Katikati ya chakula na chakula, kama uko Kaloleni, pita kwenye Mnara wa Uhuru, wenyeji wanauita Mwenge. Jirani yake ni Makumbusho ya Azimio la Arusha, jengo ambamo Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Januari 1967. Watu wanapita mlangoni kila siku bila kuingia, na inasikitisha.

Hatua ya 7: nyama choma. Hapa ndipo watu wanaumizwa na kurudi humu kulalamika, kwa hiyo soma polepole. Nyama inauzwa kwa uzito ikiwa mbichi. Unaenda mwenyewe buchani, haumtumi mhudumu. Unaonyesha kwa kidole kipande unachotaka kwenye ndoano, ubavu au paja, unauliza bei ya kilo, unakubaliana, kisha unautazama mzani ukiwa mtupu kabla nyama haijawekwa. Mshale uwe kwenye sifuri. Ukipimiwa, hakikisha kilichopimwa ndicho kinachoenda jikoni. Kuna wanaojazia uzito kwa kipande cha shingo au mfupa mtupu wanaouita "nyongeza". Kataa mapema na kwa upole, kabla kisu hakijapita. Mfuate mchomaji, mwambie nyama ni yako, mwombe asikatekate mpaka umeiona ikiwa nzima. Nyama ikishakatwa kwenye sinia hakuna anayeweza kuthibitisha chochote.

Tahadhari: usilipe kabla ya kupima. Usikubali "ipo iliyoiva tayari" saa ambayo hakuna wateja wengine, hiyo imelala jikoni tangu asubuhi. Usiende ukiwa na njaa kali, kwa sababu nyama inayochomwa vizuri inachukua karibu saa nzima na njaa ndiyo inayomfanya mtu akubali lolote. Na usimgombeze mchomaji kwamba kilo imepungua. Nyama ikiiva inapoteza maji, itapungua tu. Agiza ndizi za kuchoma pembeni, kachumbari, na chumvi iwekwe kando.

Hatua ya 8. Jioni ni mishkaki, kuku, chipsi mayai na mahindi ya kuchoma. Maduka yakianza kufunga, toka vichochoroni urudi barabara kuu, panda bajaji au kifodi cha Kilombero. Simu mfuko wa mbele, usiongee nayo ukiwa ukingoni mwa barabara, pikipiki zinapita na mikono.

Maswali karibuni.

---

Mgeni_wa_Dodoma: Mkuu somo zuri. Sasa hivi nipo karibu na Soko Kuu, nielekeze penye mtori.

Mwandishi: Umeandika saa kumi na moja jioni. Rudia aya ya pili.

Kibao_Kata: Hujaweka bei hata moja. Somo gani hili halina bei?

Mwandishi: Nimeacha makusudi. Mkaa ukipanda na sahani inapanda, nikiandika bei leo mwezi ujao mtaenda kumgombeza mama wa watu kwamba "mtandaoni waliandika vingine". Uliza bei kabla ya kukaa. Hakuna anayechukia kuulizwa kabla, wanachukia kubishiwa baada.

Dada_wa_Tanga: Shukrani sana. Loshoro sijawahi kuisikia, huku kwetu haipo. Ni nini hasa, na je mgeni wa tumbo dhaifu anaweza kula?

Mwandishi: Dada karibu sana, hili ndilo swali nilikuwa nalisubiri. Loshoro ni chakula cha Waarusha na Wamasai. Mahindi yanakobolewa, yanachemshwa muda mrefu hadi yapasuke, yanapondwapondwa, yakipoa yanachanganywa na maziwa mgando. Kinaliwa cha baridi, kina ukakasi wa maziwa, na kinashibisha hadi jioni. Kama tumbo lako halijazoea mgando, anza na kikombe kidogo, na kula kwa mtu anayeuza sana ili maziwa yawe ya siku hiyo. Jambo jingine: wengi wanatia magadi ili mahindi au maharage yaive haraka. Magadi mengi yana madini ya floraidi, na maji ya chini ya Mlima Meru nayo yana floraidi nyingi. Ndiyo maana utaona wenyeji wa vijiji vya huku wana meno yenye rangi ya kahawia, si uchafu. Kwa mgeni wa siku chache haina neno. Anayehamia na watoto wadogo aulizie maji anayotumia yanatoka chanzo gani.

Dada_wa_Tanga: Asante mkuu, nilikuwa najiuliza kuhusu meno na naogopa kuuliza mtu.

Abuu_S: Mimi Muislamu, nikila mtaani nitajuaje? Naona kitimoto ni nyingi huko.

Mwandishi: Sheikh, kitimoto inauzwa zaidi kwenye baa na jiko lake linajulikana, lakini usikisie. Uliza wazi, "Hapa mnachoma kitimoto pia?" Watakujibu ukweli. Mtaa wa Mosque na mitaa inayoungana nao ina wapishi wengi Waislamu, anzia huko. Supu ya Kichagga iitwayo kisusio hutiwa damu, hiyo iache.

Abuu_S: Jazaka Allah kheri.

Spana_13: Mtaa wa Mosque kuna yule anayeuza vipuri vya magari mchana, jioni anatoa majiko nje anachoma kuku. Saladi zake zimejaa meza nzima. Ungemtaja.

Mwandishi: Umemtaja wewe, vizuri. Watalii nao wanapajua pale, kwa hiyo wahi mapema upate kiti.

Chalii_wa_Unga_Ltd: Unatisha watu bure. Mimi natembea Unga Limited usiku na simu mkononi, sijawahi kuguswa.

Mwandishi: Wewe umezaliwa huko, kila kibanda kinajua jina la baba yako. Mgeni hana ulinzi huo. Siondoi mstari.

Safari_Njema: Kijana amenionyesha tanzanaiti karibu na barabara ya Goliondoi, bei nzuri sana, anasema tumalizane uchochoroni. Ninunue?

Mwandishi: Hapana. Biashara ya madini ni ya wenye leseni. Nunua dukani, upewe risiti, au usinunue.

Safari_Njema: Lakini anaonekana mkweli.

Mwandishi: Hapana.

Mke_wa_Machame: Mtori umeueleza vizuri shemeji, umenipa hamu. Ila wageni wakifika Arusha wanaulizia mbege, hujaigusa kabisa.

Mwandishi: Kweli shemeji, niliiacha kwa sababu mbege ya uhakika naifuata Moshi. Hebu waeleze mwenyewe, wewe ndiye mwenye nayo.

Mke_wa_Machame: Haya. Ndizi zimeachwa ziive sana, zinachemshwa muda mrefu, zinachujwa, kisha unaongezwa uji wa kimea cha ulezi, na magome ya msesewa ndiyo yanaleta uchungu. Inaachwa ichachuke. Ya leo ni tamu, ya siku ya pili inachangamsha, ikizidi hapo inakuwa kali. Kwa hiyo mgeni aulize imepikwa lini kabla hajashika kata. Na kata inazunguka, usiikumbatie peke yako.

Mwandishi: Umeeleza vizuri. Asante sana.

Mgeni_wa_Dodoma: Mkuu leo nimeamka, saa moja na nusu niko mtaa wa Pangani. Nimeupata mtori. Ubavu umeachia mfupa kama ulivyosema. Sasa nina siku moja imebaki, niende wapi nje ya mji?

Mwandishi: Hongera ndugu yangu, umenifurahisha. Kesho Jumatano nenda Tengeru, soko lake kubwa ni Jumatano na Jumamosi. Panda kifodi cha Tengeru barabara ya Moshi, fika kabla ya saa nne. Utakuta ndizi za kila aina zimepangwa chini, muulize mama muuzaji ipi ya mtori, ipi ya kuchoma, ipi ya kuiva. Atakufundisha akiona unataka kujua. Beba kikapu chako, mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2019.

Mgeni_wa_Dodoma: Na chakula cha mchana hukohuko?

Mwandishi: Hukohuko. Tafuta benchi lenye wabeba mizigo.