Umekuta gari ya kizamani bandani? Ifatie silsila yake kwanza, rangi baadae

Asalaam aleykum jamaa. Naandika hii manake watu watatu washaniuliza kila mtu kwa wakati wake kuhusu kile kigari changu cha wazi mnachokiona Forodhani Jumapili jioni, na suali lao ni moja tu, "na miye kuna gari kama hiyo nimeiona imelala shamba, nifanyeje?" Jibu langu huwavunja moyo. Wao wanataka habari za rangi na rimu, miye nawaambia wakanunue daftari la kuandika silsila yake, yaani gari ilitoka wapi na imepita mikono ya nani.

Gari yenyewe ni Triumph TR3A, Muingereza, imeundwa Coventry, siti mbili. Dirisha za kupandisha haina, kuna vipande vya kuchomeka mlangoni na masika unaroa tu hata ufanyeje. Zilitengenezwa kutoka 1957 mpaka 1962 na nyingi mno zilipelekwa Marekani, usukani kushoto, ndo maana ya usukani wa kulia ni adimu, na iliyonusurika huku kwetu na chumvi ya bahari na wanunuzi wa vyuma chakavu ndo adimu zaidi. Yangu niliikuta Pemba upande wa Wete kwenye banda la karafuu, juu magunia, na kuku wanataga kwenye siti ya abiria.

Sasa kosa langu, mulijue mapema. Nilipoishusha bandarini Malindi, Unguja, nikaenda moja kwa moja kwa fundi rangi nikamwambia piga nyekundu, manake gari ya mbio akilini mwangu ni nyekundu basi. Ikapigwa, ikapendeza mashallah, watu wakapiga picha. Baadae ikaja karatasi kutoka Uingereza inasema gari hii ilitoka kiwandani ikiwa Powder Blue, yaani buluu ile nyepesi kama maji ya Nungwi asubuhi. Na kinachoniuma zaidi, kule Wete kuna bibi mmoja alishanambia, "mjukuu wangu gari hii ilikuwa buluu, buluu kama hii kanga yangu," nikamwitikia "naam bi mkubwa" kwa adabu na moyoni nasema huyu bibi umri umekwenda.

Kwa hiyo anza hivi. Kabla hujalipa hata shilingi, kabla hujaiosha, ingia na tochi na kitambaa utafute kibati cha namba. Kwenye TR za zama hizo kimepigwa ribiti kwenye ukuta wa chuma baina ya injini na miguu ya dereva, fungua boneti utakiona, namba inaanza na herufi TS. Usikisugue kwa msasa! Mafuta ya taa kidogo na kitambaa laini inatosha. Mwisho wa namba ukikuta L basi gari ilizaliwa na usukani kushoto na kuna mtu kauhamisha, na ukikuta O ilikuja na ovadraivu, ile gia ya ziada ya kupumzisha injini ukiwa kwenye mwendo. Halafu tizama ubavuni mwa bloki ya injini, nako kuna TS na namba inayomalizikia na E. Hizi namba mbili kwa kawaida hazifanani, usije ukagombana na muuzaji ukadhani kakudanganya, nishaona ugomvi wa namna hiyo kwa macho yangu. Kipige picha kibati, kiandike kwenye daftari, kisha kitoe kabisa ukiweke nyumbani kabla gari haijafika kwa fundi bati. Fundi mmoja niliyempa kazi alikuwa kashaishika grenda anataka "kulainisha" pale pale kilipo, na kibati hicho ndo kitambulisho, kikipotea umeshika chuma tu.

Namba ukiwa nayo unaandikia jumba la makumbusho la magari la Waingereza, British Motor Museum kule Gaydon. Wao wamehifadhi madaftari ya viwanda vingi, MG, Austin, Triumph na wenziwe, unalipia wanakupa cheti kinachosema gari iliundwa lini, injini namba ngapi, rangi gani, na ilipelekwa wapi. Hapo ndo utajua kama injini iliyomo ni ya asli au imebadilishwa. Kuna na chama cha wenye TR kinaitwa TR Register, kipo tokea 1970, wazee wa kule wanazijua hizi gari kama wewe unavyowajua binamu zako.

Lakini cheti kinaishia mlangoni mwa kiwanda. Gari ilipofika huku ilikuwa ya nani, nani kamuuzia nani, hilo hakuna Mzungu wa kukwambia, ni kazi ya barazani. Waliosoma chuoni wanaijua isnadi, fulani kapokea kwa fulani naye kapokea kwa fulani, na pete moja ikiwa dhaifu mnyororo mzima unayumba. Fanya hivyo hivyo. Kila mmiliki mpe ukurasa wake kwenye daftari: kaipata kwa nani, mwaka gani, karatasi ipo au maneno tu, na aliyenihadithia aliiona mwenyewe au kasikia. Miye mtu wangu wa kwanza alikuwa dereva mstaafu, mjuzi wa gari khasa, kila kitu anakijua, kumbe yeye kaanza kuiona miaka ya sabini keshapigwa rangi ya kijani na kila alichonambia cha kabla ya hapo ni cha kusikia. Yule bibi hajui kabureta ni mnyama gani lakini alipandishwa ndani yake siku ya harusi yake, kabla ya uhuru wa Disemba 1963. Sasa nani mwenye isnadi hapo?

Ukienda kwa wazee usianze na gari. Salamu kwanza, shkamoo, habari za mvua na karafuu, chukua kilo ya sukari au halua, na ikibidi siku ya kwanza ondoka bila ya kuuliza kitu. Halafu ukishafika 1964 nenda polepole. Silsila nyingi zinakatikia hapo manake baada ya Mapinduzi ya Januari watu wengi waliondoka, mwengine gari kamuachia jirani, mwengine kamuachia dereva, nyengine zilichukuliwa, na wapo wasiopenda kuyazungumza na wana haki yao. Suali la "ilikuwa ya nani?" linawafunga watu midomo. Uliza "mzee, wewe ulianza kuiona lini?" Utashangaa maneno yatakavyotoka.

Maneno ukishayapata yatafutie ushahidi. Nyaraka za Taifa pale Kilimani kuna magazeti rasmi ya serikali ya zama za Muingereza, yalikuwa yakichapisha uteuzi na likizo za maafisa, sasa ukiambiwa gari ilikuwa ya daktari wa Kizungu wa hospitali fulani unakwenda kutizama kama daktari huyo alikuwepo na aliondoka lini. Mimi nilikaa siku mbili, siku ya kwanza sikupata kitu ila mafua ya vumbi. Picha nazo ni dhahabu: albamu za harusi za watu, na Capital Art Studio pale Kenyatta Road wana picha za Unguja za miaka mingi. Tizama pleti namba nyuma ya maharusi, usitizame maharusi. Ikianza na K imepitia Kenya, ikiwa ZNZ ni yetu ya zamani. Na kwenye gari yenyewe chungulia chini ya zulia na nyuma ya dashibodi, miye nilikuta risiti ya petroli imegandana na kinyesi cha panya, tarehe inasomeka.

Hapa kuna jambo watu wanalipita haraka kisha linawatafuna. Anayekuuzia anaweza asiwe mwenye gari. Mzee keshafariki, kijana wa mwisho ndo yupo nyumbani, anakwambia "chukua tu kaka, ya baba hii." Siyo yake peke yake! Kuna mama, kuna dada zake wawili wako Dar na mmoja Maskati, wote wana fungu lao. Uliza kama mirathi imeshagaiwa, kama bado basi waende Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana au Mahkama ya Kadhi, na wewe subiri uandikiwe na warithi wote watie saini mbele ya mashahidi. Yangu ilichukua miezi saba kwa sababu ya saini moja tu ya Maskati. Wallahi bora miezi saba kuliko uitengeneze, ing'are, halafu siku ya Idd aje shangazi na polisi.

Kuitengeneza kwenyewe siendi mbali, fundi wako atajua mengi, nitasema yale yanayowashinda mafundi waliozoea Toyota. Spana ziwe za inchi. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7, fundi atatia spana ya 13 itazunguka tu mpaka pembe ziishe. Umeme wake ni kinyume, chanya ndo inakwenda kwenye bodi, kwa hiyo mwandikie fundi waya kwa herufi kubwa pembeni ya betri, manake ukifunga redio ya kisasa bila kujua inaungua pale pale. Petroli yenye risasi imeondoka Afrika yetu tokea mwanzo wa 2006 na siti za valvu za injini hii, yaani pale valvu zinapokalia zikifunga, zilitegemea ile risasi, ukifungua silinda hedi mwambie atie siti ngumu mara moja. Injini yenyewe msiiogope, ujazo wake cc 1991, kabureta mbili aina ya SU, ukoo mmoja na ya trekta ya Ferguson, laina zake, ile mirija zinamopanda na kushuka pistoni, zinatoka na kuingia, mzee yeyote aliyewahi kufanya trekta hawezi kuikosa. Spea mpya zinauzwa bado Uingereza, ghali kidogo.

Madigadi msiyakate! Yamefungwa kwa bolti kwenye bodi, yanatoka mazima, paka mafuta ya kupenyeza wiki nzima kila jioni yatalegea. Kutu yenyewe iko chini, sakafuni na kwenye mikono ya chesisi, na hapo usikubali puti, akate achomelee bati jipya. Ukishamaliza, kila ukitoka pwani hasa wakati wa kusi, ioshe tumboni kwa maji ya bomba.

Rangi ya asli kama cheti bado hakijaja utaipata pale ambapo hakuna fundi rangi aliyefika: chini ya kibati cha namba, nyuma ya dashibodi, chini ya betri kama asidi haijala. Kwangu chini ya kibati kulikuwa na buluu ya ukubwa wa stempu, ilikuwa pale siku zote, nisingelipoteza hela za rangi mara mbili.

Sasa imerudi buluu. Ila kwenye ule ukuta wa injini pembeni ya kibati nilimwambia fundi aniachie kipande cha wekundu kama kidole, manake nacho keshakuwa mumo kwenye silsila, atakayeifatia baada yangu amkute na mjinga mmoja katikati na mwaka wake nimemuandikia kwenye daftari.