Somo: Hopsi zikishafunguliwa, zitunze hivi

Pakiti ya hopsi (maua makavu yanayoipa bia uchungu na harufu, hapa yakiwa yameshindiliwa vidonge) ina gramu 100, bia ya lita 20 inataka 40. Hizo 60 zinazobaki ndizo zinazotupotezea hela. Mwaka jana nilikunja mdomo wa pakiti ya Cascade (aina ya hopsi), nikaibana kwa kibanio cha nguo, nikaiweka kabatini. Baada ya miezi mitatu harufu ya balungi ilikuwa imekwisha, imebaki ya jibini na soksi. Nikazitia hivyo hivyo mwishoni mwa kuchemsha. Lita zote 20 nilimwaga.

Adui ni hewa, kisha joto.

1. Andaa mizani na vifuko kabla hujafungua. Pima za leo, zilizobaki zigawe papo hapo mafungu ya gramu 20.

2. Toa hewa. Mashine ya kuvuta hewa ndiyo bora. Kama huna, chukua mfuko mnene wa zipu, ufunge ukiacha upenyo wa kidole, kisha uzamishe taratibu kwenye beseni la maji, upenyo ubaki juu. Maji yatasukuma hewa nje mpaka plastiki ivigande vidonge. Malizia zipu, futa maji.

3. Andika jina, mwaka wa mavuno, asilimia ya alfa (ndiyo inayoleta uchungu) na tarehe ya kufungua.

4. Weka kwenye friza, nyuzi -18.

Siku ya kupika, ponda kidonge kimoja kwa vidole unuse. Kikiwa kijani na kinanukia, kitie mwishoni. Kikiwa kimefifia, kipe kazi ya uchungu: kichemshe dakika 60 na uongeze kipimo. Ukikadiria alfa imeshuka kutoka 6 hadi 4.5, gramu 30 ziwe 40.

Maswali

*Kaka, huku Dar umeme unakatika. Zikiyeyuka je?*
Usihofu, ndugu yangu. Hopsi ni kavu, haziozi kama nyama. Zizungushie mapema chupa za maji yaliyoganda, na usifungue friza mpaka umeme urudi.

*Zangu zinanuka jibini kidogo. Nitupe?*
Kidogo tu, zitumie kwa uchungu. Zikinuka sana, tupa. Wapishi wa lambiki, bia chachu ya kule Ubelgiji, huzizeesha hopsi miaka kwa makusudi, lakini bia yao ni nyingine kabisa.

*Machicha ya hopsi nimwage bustanini?*
Kama una mbwa, dada, tafadhali usimwage. Hopsi, hata zilizochemshwa, humpandisha mbwa joto la mwili mpaka anaweza kufa. Zifunge, uzitie kwenye pipa lenye kifuniko.