Jinsi ya kusoma gofu la ngome ya Kiingereza ukiwa zako Iringa

Watu wengi wakiona picha ya Corfe Castle wanasema duh pazuri, wanapita. Gofu linasomwa bana, mi nafanya hivi.

Anza na kilima, mawe baadaye. Corfe iko Dorset, kusini mwa Uingereza, imekaa kwenye upenyo wa vilima vya Purbeck, yaani anayepita pale lazima aonekane. Aliyewahi kupanda lile jiwe la Gangilonga akaona mji wote wa Iringa uko chini yake hahitaji maelezo.

Halafu tafuta mnara mkuu. Huu ni wa enzi za mfalme Henry I, mwanzoni mwa miaka ya 1100, kimo mita 21, mawe ya hapohapo Purbeck. Kuta nyingi za nje zilikuja baadaye, kama nyumba zetu tu, unajenga vyumba viwili unahamia, uzio utajua mbele ya safari.

Sasa hapa ndo patamu, angalia imeangukaje. Jengo likizeeka lenyewe linaanzia juu, paa linaenda, mvua inaingia, ukuta unaliwa taratibu. Corfe sio hivyo, kuna mapande mazima ya ukuta yameinama kama mlevi na geti moja limepasuka katikati, nusu ikateleza kushuka kilima, uzee haufanyi hayo ni baruti hiyo. 1646 watu wa Bunge, waliokuwa wanapigana na mfalme Charles I, walichimba chini ya kuta wakalipua. Na ngome yenyewe haikuvunjwa vitani! Mama mwenye nyumba, Mary Bankes, 1643 alizingirwa akagoma kutoka, mara ya pili ofisa wa ndani ndo akawaingiza maadui wakijifanya askari wa msaada. Mawe mengine wanakijiji wakajengea, kwa hiyo kwenye picha chungulia na nyumba za chini.

Ukishaelewa panda gari uende Kalenga ukajipime, ni kilomita kama 15 tu toka mjini. Boma la Mkwawa, mtemi wa Wahehe, lilikuwa na ukuta wa mawe, Wajerumani wakalipiga mizinga Oktoba 1894, usitegemee kukuta minara maana kilichobaki ni kidogo mno. Wengi wanaona fuvu la Mkwawa pale makumbusho wanageuza, wewe muombe mwongozaji akuonyeshe ukuta ulikopita, utembee kwa miguu, halafu mwambie akuelekeze kijiji cha Tosamaganga kiko upande gani, akianza kukueleza hilo jina lilivyohusu kurusha mawe usimkatishe.