Kuipeleka Familia Lamu: Mpango Uanze na Maji

Mtu wa Malindi anayetaka kuwatembeza watoto wake katika Mji Kongwe wa Lamu huanza kwa kutafuta nauli na mahali pa kulala, kisha huorodhesha majengo ya kuzuru. Mimi ningemshauri aanze kwa kuuliza maji yatajaa saa ngapi, kwa kuwa jibu hilo ndilo litakalompangia siku zake zote akiwa kisiwani. Saa ya kujaa huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, na mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo bahari hupanda mno na kupwa mno. Nahodha yeyote aliye gatini atakueleza mambo haya bila kukutoza kitu.

Familia iondoke Malindi alfajiri. Barabara ya kupitia Garsen na Witu hadi gati la Mokowe ina zaidi ya kilomita 200, na ni busara kuulizia hali ya njia na ya usalama siku moja kabla. Pale Mokowe gari huachwa, na safari humalizwa kwa mashua ya mtambo. Kila mtoto avalishwe jaketi la kuokolea kabla mashua haijaondoka, hata kama abiria wengine watacheka.

Jengo la kwanza la kuzuru mjini ni ngome, iliyoanza kujengwa mwaka 1813 na kukamilika mwaka 1821, kisha ikatumiwa kama jela hadi 1984. Watoto hupenda habari za jela, lakini nusu saa inatosha. Muda mrefu zaidi uwekewe nyumba. Shika Usita wa Mui, barabara kuu ya mji, uingie vichochoro vya mtaa wa Mkomani, mahali ambapo vyumba viitwavyo wikio vimejengwa juu ya njia kuunganisha nyumba mbili, hadi ile nyumba ya Kiswahili ya karne ya 18 iliyohifadhiwa kuwa makumbusho. Hapo waache watoto waisome nyumba kwa miguu yao: kutoka daka, yaani kibaraza cha mlangoni, hadi tekani, njia ya kuingilia ambayo imepindishwa makusudi ili mpita njia asione ndani, kisha kiwanda, yaani ua wa nyumba, misana, ambavyo ni vyumba virefu vya mbele, na chumba kiitwacho ndani, penye ukuta wa zidaka (vishubaka) za chokaa. Waambie wapime upana wa msana kwa hatua, halafu waangalie dari. Watagundua wenyewe kwamba upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, na ndiyo sababu vyumba vyote ni virefu na vyembamba. Chooni mna birika la maji ambamo kwa desturi hufugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Usiwaambie mapema; mwenye kuwaona kwanza atalisimulia jambo hilo mwaka mzima.

Watoto waonywe pia kwamba neno “mui” kwa mji na “mai” kwa maji si makosa bali ni Kiamu, lahaja ya Lamu, na kwamba mzee aliyeketi barazani huamkiwa kabla ya kuulizwa njia. Mavazi yawe ya heshima, na picha ya mtu isipigwe bila idhini yake.

Siku ya pili ndiyo inayodai hesabu. Magofu ya Takwa yako kisiwani Manda, na mkono wa bahari unaofika huko hupita katikati ya mikoko na hauingiliki ila maji yakiwa yamejaa. Toka mjini maji yakiwa bado yanapanda, utembee kwa muda atakaokupa nahodha, urudi kabla hayajakimbia. Mwaka tuliopuuza agizo hilo tulikaa mikokoni kwa saa kadhaa, tukigawana biskuti na kuliwa na mbu. Takwa ilihamwa katika karne ya 17. Msikiti wake una nguzo juu ya kibla, na nje pana kaburi la nguzo ambalo wazee wa Shela, kijiji kilicho kisiwani Lamu, huliendea kuomba mvua, kwa hiyo mtoto asiruhusiwe kulipanda.

Maji yakipwa, tembeeni kwa miguu ufuoni hadi Shela, mwendo wa kama kilomita 3, na mrudi kwa mashua. Huko ndiko kwa kuwasimulia watoto vita vya Shela vya takriban mwaka 1812, ambapo Waamu, yaani watu wa Lamu, walilishinda jeshi la Wamazrui, watawala wa Mombasa, na washirika wao wa kisiwa cha Pate. Simulizi husema kwamba wavamizi walipokimbilia vyombo vyao walivikuta vimekwama, bahari ikiwa imekauka. Mtoto aliyeona mashua zimelala ubavu mchangani siku hiyohiyo hahitaji maelezo zaidi.

Jioni ya mwisho nunueni mkate wa mofa na halua, na muulizie saa ya mashua ya kwanza ili basi la Mokowe lisiwaache. Halua ifungwe mbali na nguo, kwa kuwa samli yake hupenya karatasi kabla hamjafika Witu.